Pishi Isiyojaa: Mwanamke Mwanasayansi na Haki ya Kipimo

Katika maduka ya nafaka ya miji yetu ya pwani, kabla ya mizani za chuma na za umeme kuenea, mchele na mtama vilipimwa kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na kila mama aliyemtuma mtoto dukani alikijua kipimo hicho kwa macho. Muuzaji mwenye nia ya kupunja hakuhitaji kuiba gunia. Kibaba chenye kitako kilichobonyea kwa ndani kilimtosha. Mnunuzi alipoteza konzi moja ya mchele, na konzi za wanunuzi wote zikikusanywa kwa mwaka hujaza ghala. Na kwa kuwa upungufu ulikuwa mdogo kila mara, aliyepunjwa alijilaumu mwenyewe: huenda nimepika vibaya, huenda watoto wamekula zaidi leo.

Nimeutanguliza mfano huu kwa sababu unafanana mno na hali ya wanawake waliosoma sayansi hadi kilele chake. Suala la kama binti asome au asisome, familia nyingi za Kiislamu za pwani zimekwisha kulimaliza, alhamdulillahi. Shahada ya kwanza, uzamili, hata uzamivu, si ajabu tena kwa mabinti zetu. Lililobaki ni swali gumu zaidi, na halizungumzwi sana sebuleni wala barazani: baada ya kusoma kote huko, je, hupimiwa sawa na mwanamume aliyesoma kama yeye?

Hesabu za dunia zinatupa sababu ya kuuliza. Kwa mujibu wa UNESCO, katika kila watafiti watatu ulimwenguni, takriban mmoja tu ni mwanamke. Kadiri unavyopanda ngazi, ndivyo idadi yao inavyopungua. Tuzo ya Nobel ya fizikia ilianza kutolewa mwaka 1901. Hadi kufikia mwaka 2023 wanawake walioipata walikuwa watano: Marie Curie, Maria Goeppert Mayer, Donna Strickland, Andrea Ghez na Anne L'Huillier. Wako wanaosema kwamba hayo ni maumbile, na wako wanaosema kwamba wanawake wenyewe huchagua kubaki nyuma. Kabla ya kukubali au kukataa, insafu inatutaka tukague kibaba.

Profesa na utepe wa kupimia

Tuanze mbali kidogo, mahali ambapo upungufu huu ulipimwa kwa futi na kuandikwa. Katika mji wa Cambridge, jirani ya Boston huko Marekani, kuna chuo cha teknolojia cha Massachusetts, maarufu kwa herufi zake MIT. Ni miongoni mwa vyuo vya sayansi vinavyoheshimiwa zaidi duniani. Nancy Hopkins, mtaalamu wa baolojia ya molekuli, aliajiriwa hapo mwaka 1973. Kwa miaka mingi alifanya utafiti juu ya virusi vinavyosababisha saratani kwa panya, akapanda cheo hadi akawa profesa kamili. Hakuwa mtu wa kulalamika. Aliamini kwamba sayansi haimtazami mtu jinsia yake: afanyaye kazi nzuri atatambuliwa, na asiyetambuliwa aongeze bidii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligeukia utafiti mpya, juu ya samaki wadogo wenye mistari ambao wanasayansi huwatumia kuchunguza jinsi kiumbe anavyoumbika kutoka yai. Samaki huhitaji matangi, na matangi huhitaji nafasi. Akaomba aongezewe futi 200 za mraba, kiasi cha chumba kimoja kikubwa. Akakataliwa. Alipoeleza kwamba maabara yake ni ndogo kuliko za wenzake, hakusadikiwa. Basi akachukua utepe wa kupimia kama ule wa fundi seremala, na usiku, wenzake wakiwa wamekwenda zao, akapita chumba baada ya chumba akipima na kuandika. Hesabu ikaonyesha alichokishuku: yeye, profesa mkongwe, alikuwa na nafasi ndogo kuliko ya wanaume walioajiriwa juzijuzi, seuze ya maprofesa wa daraja lake.

Hata namba hizo hazikuzaa matunda mara moja. Mengine yakafuata, likiwemo somo alilosaidia kulianzisha ambalo aliondolewa asilifundishe tena. Mwishowe akaandika barua kwa rais wa chuo. Kabla ya kuituma alimwonyesha mwenzake, Mary-Lou Pardue, mtaalamu wa jenetiki aliyeheshimiwa nchini kote. Hopkins alihofia kuonekana mnung'unikaji. Pardue alipomaliza kuisoma alisema kwamba naye anataka kuitia saini.

Hapo ndipo walipotambua kwamba kila mmoja wao, kwa miaka mingi, alidhani ni yeye peke yake. Wakaamua kuhesabu. Mwaka 1994, katika kitivo kizima cha sayansi, walimu wenye ajira ya kudumu walikuwa wanaume 194 na wanawake 15. Waliwaendea wanawake hao mmoja mmoja, pamoja na wawili wa kitivo cha uhandisi waliokuwa na nafasi pia katika sayansi. Kati ya wote 17, waliotia saini kuomba uchunguzi walikuwa 16. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na wanawake hawa, pamoja na uzamivu wao na tuzo zao, walikuwa wameishi miaka mingi kila mmoja na kidole chake.

Mkuu wa kitivo, Robert Birgeneau, akakubali iundwe kamati. Ikachunguza mishahara, nafasi za maabara, tuzo, na ni nani hukaa katika vikao vya uamuzi. Mwaka 1999 matokeo yakachapishwa, na rais wa chuo, Charles Vest, akakiri hadharani kwamba awali aliuona ubaguzi huu kuwa nusu ni kweli na nusu ni hisia za watu, na kwamba sasa anafahamu kuwa sehemu iliyo kubwa zaidi ni kweli.

Jambo moja katika ripoti ile lastahili kusomwa na kila binti anayeanza kazi. Wanawake vijana wa chuo kile walisema kwamba wanaungwa mkono vizuri, na kwamba ubaguzi uliisha na kizazi kilichotangulia. Wasiwasi wao ulikuwa namna ya kuoanisha kazi na malezi. Wale wakongwe wakasema kwamba nao walianza na imani iyo hiyo. Walipokuwa wachanga hawakuona tofauti. Kadiri walivyopanda, ndivyo walivyojikuta wakiwekwa pembeni, hawaulizwi wala hawahesabiwi. Na hakuna aliyekaa kikao cha siri kuwadhulumu. Waliowapunja walikuwa waungwana waliojiona waadilifu. Ndivyo kibaba kibovu kilivyo: hata muuzaji mwenyewe huweza kusahau kwamba kitako chake kimebonyea.

Baada ya kupima, chuo kikarekebisha mishahara na nafasi, na kufikia mwaka 2011 idadi ya wanawake katika vitivo vya sayansi na uhandisi ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu. Lakini mwaka huo huo ilibainika pia shubiri mpya: baadhi ya watu sasa walidhani kwamba mwanamke akiajiriwa, basi amepewa kwa kupendelewa.

Jina juu ya karatasi

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya chuo kimoja katika nchi moja. Twende basi Uswidi, nchi inayosifiwa ulimwenguni kwa kuwatendea sawa wanaume na wanawake. Mwaka 1995 Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo lilitangaza ufadhili kwa watafiti waliokwisha kupata uzamivu. Waombaji walikuwa 114, na 52 kati yao walikuwa wanawake. Waliofaulu walikuwa 20. Wanawake walikuwa wanne.

Wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Christine Wennerås na Agnes Wold, wakataka kuona alama walizopewa waombaji. Baraza likakataa. Wakaenda mahakamani, kwani sheria ya Uswidi humpa raia haki ya kusoma nyaraka za umma, wakashinda. Kisha wakafanya kazi ya subira: walihesabu makala za kisayansi za kila mwombaji, wakatazama uzito wa majarida yaliyozichapisha na mara ngapi watafiti wengine walizirejelea, halafu wakalinganisha na alama za wasahihishaji. Matokeo yao yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1997. Mwanamke alihitaji kuwa na kazi takriban mara mbili na nusu ya mwanamume ili apewe alama sawa za umahiri. Yaani mwanamume akileta makala mbili zenye uzito fulani, mwanamke alete tano za uzito huo huo, ndipo waonekane wamelingana. Jambo jingine lililopandisha alama lilikuwa kujuana: mwombaji aliyefahamiana kikazi na mmoja wa wajumbe alipata zaidi. Sisi Wakenya hatuhitaji kufasiriwa neno hilo.

Ziko hoja kwamba tofauti hizi hutokana na mimba, malezi na mambo ya nyumbani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakiongozwa na Corinne Moss-Racusin, walilipima jambo hilo kwa njia rahisi. Waliwapelekea maprofesa 127 wa sayansi maombi ya kazi ya msimamizi wa maabara. Karatasi zote zilikuwa sawasawa, neno kwa neno. Tofauti ilikuwa jina la mwombaji: baadhi walipokea karatasi ya John, na baadhi ya Jennifer. John akaonekana hodari zaidi na anayefaa zaidi kuajiriwa. Mshahara aliopendekezewa ulikuwa kwa wastani dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer akapendekezewa dola 26,508. Na waliompunja Jennifer hawakuwa wanaume peke yao. Maprofesa wanawake walimpunja kwa kiasi kile kile.

Tulitafakari hilo. Karatasi haina mimba. Karatasi haina mtoto mwenye homa usiku, wala mume anayesubiri futari. Ilikuwa na jina tu, na jina hilo likatosha kupunguza dola 3,730 za mwaka mmoja. Anayesema kwamba wanawake wote waliobaki nyuma walichagua wenyewe, aieleze kwanza karatasi hiyo.

Na hapa kwetu

Hatuhitaji kuvuka bahari ili kuona kibaba kilichobonyea. Mapema mwaka 1966 kijana wa kike aliyezaliwa Nyeri alirejea Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili ya baolojia. Alikuwa na barua mkononi iliyomhakikishia kazi ya msaidizi wa utafiti katika chuo kikuu. Alipofika kuripoti, aliambiwa kwamba nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 2006 alieleza kwamba siku zile ndipo alipotambua kuwa kabila lake na jinsia yake vingeweza kuwa ndiyo mipaka ya safari yake. Kijana huyo alikuwa Wangari Maathai.

Alipata kazi idara nyingine, ile ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara hiyo, na mwaka uliofuata profesa mshiriki. Lakini kupanda ngazi hakukumfutia upungufu. Mwalimu mwanamke wa chuo kikuu hakupata stahili za nyumba na nyinginezo sawa na za mwanamume wa cheo chake, kwa dhana kwamba mwanamke aliyeolewa hutunzwa na mumewe. Maathai na mwenzake, Vertistine Mbaya, mtaalamu wa bayokemia, walilipinga jambo hilo kwa miaka kadhaa. Kazi ilikuwa ile ile, wanafunzi wale wale, mitihani ile ile ya kusahihisha. Kilichotofautiana kilikuwa kipimo, na safari hii kilikuwa kimeandikwa rasmi katika kanuni.

Leo kanuni za nchi yetu zimebadilika. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inampa mwanamke na mwanamume haki ya kutendewa sawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Nafasi nazo zimesogea karibu. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, kilichoanza mwaka 1989 na kinachojulikana ulimwenguni kwa kazi yake juu ya malaria. Kuna pia Chuo Kikuu cha Pwani. Mombasa, Chuo Kikuu cha Kiufundi kimewahi kuongozwa na mwanamke mwanasayansi, Profesa Laila Abubakar, mtaalamu wa bayokemia. Binti wa Lamu au Malindi anayepewa mfano wa mwanasayansi mwanamke hana haja ya kutazama ng'ambo tu.

Lakini tusidanganyike kwamba sheria ikishaandikwa, kibaba kimenyooka. Upungufu wa siku hizi hauandikwi. Hujificha katika mambo madogo: ni nani anayeombwa kuandika kumbukumbu za kikao kila mara, ni nani anayepewa madarasa ya wanafunzi mia tatu ilhali mwenzake ameachiwa muda wa kuandika maombi ya ruzuku, ni nani anayetumwa kwenye kongamano ng'ambo, ni nani anayeulizwa kwenye usaili kama mumewe ameridhia. Jambo moja katika hayo ni konzi ya mchele. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukikausha.

Mizani ya nyumbani

Nimesema kwamba malezi si maelezo ya kila kitu. Hata hivyo si haki kusema kwamba nyumba haina sehemu yake. Tazama miaka yenyewe. Mtu humaliza uzamivu akikaribia miaka 30 au akiwa amekwisha kuipita, na muongo unaofuata ndio wa kujenga jina: kuchapisha makala, kuomba ruzuku, kuanzisha maabara. Ni muongo huo huo wa kuzaa na kulea. Mwanamume hupata watoto katika muongo huo bila saa zake za maabara kukatika. Mama hutoka miezi mitatu, hurudi akiwa ananyonyesha, na jopo la kupandisha vyeo linapohesabu makala zake, pengo lile huhesabiwa kuwa uzembe.

Kuna walioliona hili wakalirekebisha. Baraza la Utafiti la Ulaya huwawekea watafiti kikomo cha miaka tangu kupata uzamivu katika kuomba ruzuku, na kwa mama humwongezea miezi 18 kwa kila mtoto. Hakuna aliyependelewa hapo. Ni kama muuzaji anayetoa uzito wa chombo kabla ya kupima mafuta yaliyomo: asipoutoa, mmoja wa wawili hudhulumika.

Mume naye ana mizani yake. Mwaka 1903 kamati ya Nobel ilikuwa inaelekea kumtunukia tuzo ya fizikia Pierre Curie pamoja na Henri Becquerel, bila ya kumtaja Marie, mke wa Pierre, ambaye utafiti juu ya mnururisho ulikuwa wake tangu mwanzo. Mwanahisabati mmoja wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, akampenyezea Pierre habari hiyo. Pierre akajibu kwamba ikiwa kweli anafikiriwa, basi afikiriwe pamoja na mkewe. Tuzo ikatolewa kwa wote watatu. Angalikaa kimya, hakuna ambaye angemlaumu, naye angaliondoka na sifa zote. Baada ya kifo cha Pierre, mwaka 1911, Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilipiga kura kikamnyima Marie uanachama, na kabla ya mwaka kwisha akatunukiwa Nobel ya pili, ya kemia. Chuo hicho hakikumchagua mwanamke kuwa mwanachama kamili hadi mwaka 1979.

Kwa hiyo mume wa mtafiti hahitaji kujua bayokemia ili kuwa mwadilifu. Wengi wetu hujivunia cheti cha mke mbele ya wageni, kisha jioni humwachia jikoni, watoto, wagonjwa wa ukoo na maandalizi ya kila harusi, tukishangaa kwa nini hajachapisha kitu mwaka mzima. Saa mbili za utulivu kila usiku, mlango umefungwa na watoto wako kwa baba yao, ni sehemu ya kipimo. Mama mkwe anayemwambia mkaza mwana, "Nenda kazini mwanangu, mtoto niachie mimi," ametia konzi mbili ndani ya pishi. Mambo haya yazungumzwe kabla ya akdi, kwa uwazi, kama yanavyozungumzwa mahari na makazi. Binti aseme kazi yake inataka nini: safari za utafiti, usiku wa maabara, pengine miaka ya masomo mbali. Mchumba aseme anaweza kubeba nini. Ahadi iliyowekwa mapema huwaepusha na ugomvi wa miaka.

Urithi tulio nao

Wapo miongoni mwetu wanaoona kwamba mazungumzo haya yameletwa na meli za kigeni. Nawakumbusha kwa ufupi. Shifaa bint Abdillah alikuwa mwanamke mjuzi wa kuandika na wa tiba, naye ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.), kuandika. Rufaida wa kabila la Aslam alitibu majeruhi katika hema lake Madina. Katika karne ya nne ya Hijria, Ibn al-Nadim aliorodhesha miongoni mwa mafundi wa ala za unajimu mwanamke aitwaye al-Ijliyya, aliyekuwa katika utumishi wa Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab. Ala hizo zilihitaji hesabu za nyota na mkono wa ufundi, na jina lake liliwekwa pamoja na ya wanaume wa fani ile. Na katika zama zetu, Tunisia, nchi ya Kiislamu, wanawake ni zaidi ya nusu ya watafiti wote, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya hazijakifikia. Wanaoongoza vyuo na maabara huko bado wengi wao ni wanaume, na hilo ladhihirisha kwamba kuingia mlangoni na kupimiwa sawa ni mambo mawili mbalimbali.

Tena, Qur'ani Tukufu ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, watu ambao wakipimiwa wao hutaka kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wafasiri wetu hawakuishia kwenye nafaka. Kila haki ambayo mtu huidai kamili kwa nafsi yake na kuipunguza kwa mwenziwe imo katika onyo hilo. Anayetaka binti yake atendewe haki na mwajiri, ilhali naye kama mwajiri, mkuu wa idara au mjumbe wa jopo huwapunja mabinti za watu, ajitazame katika sura hiyo.

La kufanya

Nini basi kifanyike? Jibu la kwanza ni kupima. Dada aliye chuoni au katika maabara asikae na shaka peke yake kwa miaka. Aulize kanuni za kupandishwa cheo zimeandikwa wapi, aweke nakala ya kila ombi na kila jibu, ahesabu saa zake za kufundisha, na azungumze na wenzake wa kike. Kimya chao ndicho kitako cha kibaba.

La pili ni la wanaume walio na sauti. Pardue alitia saini, Birgeneau akaunda kamati, na Vest akakiri. Lau wanaume hao wawili wangalisema kwamba wanawake wale wana maneno mengi, futi zile zingalibaki katika daftari la mtu mmoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mwenye kalamu ya kupitisha majina ndiye wa kwanza kuulizwa.

La tatu ni la wazazi na walimu, wa shule na wa madrasa. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewaona wasichana wakihifadhi na kuelewa bila ya kushindwa na wavulana, na mara nyingi wakiwatangulia. Tunapowasifu, tuwasifu kwa akili zao pia, na tusiishie kwenye utulivu wao na hati nzuri. Na tusimwambie binti kwamba akijitahidi tu kila mlango utafunguka. Tumwambie ukweli: jitahidi, na uchukue utepe wako wa kupimia.

Hasara ya pishi isiyojaa haimwangukii mwanamke peke yake. Samaki wale waliohitaji futi 200 walikuwa wa kuchunguza namna mwili unavyoumbika, elimu ambayo mgonjwa yeyote huenda akaihitaji. Mtaalamu wa malaria anayekata tamaa Kilifi akaacha kazi huondoka na miaka 20 ya masomo yake, na mtoto wa Magarini au Ganze ndiye anayebaki na homa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza kipimo, makazini mwetu na majumbani mwetu. Amin.